Kisukari aina ya pili: jinsi ya kupima, kutembea na kumeza dawa miezi ya mwanzo

Haupiti mwezi bila mtu kunivuta pembeni, msikitini au kwenye foleni ya duka la dawa, akaniuliza yale yale. Namba hii ni mbaya? Wali niuache kabisa? Hivi vidonge nitameza mpaka lini? Huu ni mwaka wangu wa tisa na kisukari, na maswali hayo niliyauliza mimi mwenyewe nilipoanza. Nimeona niyajibu kwa maandishi, kwa mpangilio, ili anayeanza leo awe na pa kushika.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye aina ya pili, ambaye ameshapimwa hospitali na kuanzishiwa dawa. Mtoto, kijana aliyeanza na insulini (dawa ya sindano ya kushusha sukari) tangu siku ya kwanza na mama mjamzito wana utaratibu wao. Wafuate wa kliniki. Dozi ya dawa sikupangii mimi.

Kitu kimoja nitakirudia humu mpaka ukichoke: wengi wetu tunapima ovyo. Stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu kwenye mashine, ni ghali, tunazimaliza zote asubuhi kabla ya chai, tunaitazama namba, tunaguna, tunaendelea na siku. Namba ya namna hiyo haikufundishi kitu.

Utakavyohitaji

- Mashine ya kupimia sukari. Kabla hujainunua, uliza bei ya stripu zake na kama duka la dawa la mtaani kwako linazo. Mashine unainunua mara moja, stripu unazinunua maisha. Mashine rahisi isiyo na stripu huishia kuwa pambo la kabati.
- Visindano vya kutobolea kidole, na chupa tupu ya plastiki ngumu yenye kifuniko ya kuvitupia.
- Daftari dogo na kalamu. Simu nayo inaandika, ila daktari mwenye wagonjwa arobaini nje anafunua daftari haraka kuliko anavyosogeza kioo cha simu yako.
- Viatu vilivyofunika vidole, vyenye nafasi, na soksi.
- Kioo kidogo, cha kuangalia nyayo.
- Sukari ya haraka ya kutembea nayo: glukosi ya unga, pipi, au sukari ya kawaida kwenye kifuko.
- Kadi ya kliniki na majina ya dawa zako zote, yameandikwa. "Vile vidonge vyeupe" si jina.

Hatua ya 1: Andikiwa malengo yako

Kwa watu wazima wengi, sukari kabla ya kula inalengwa kati ya 4.4 na 7.2 (kwa milimoli kwa lita, mmol/L, kama namba zote za sukari humu), na saa mbili baada ya kula iwe chini ya 10. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, kinalengwa chini ya asilimia 7. Lakini mzee wa miaka 80 anayelala peke yake anaweza kuruhusiwa namba za juu kidogo, kwa kuwa kwake hatari kubwa ni sukari kushuka usiku na hakuna wa kumwamsha. Mwombe daktari aandike malengo yako kwenye kadi, kwa kalamu, siku hiyo hiyo.

Mashine ikikuandikia 126 usizimie. Inasoma kwa miligramu. Gawanya kwa 18, unapata 7.0.

Na kuna wale wa kutazama kama sisimizi wamejaa chooni. Sukari huanza kutoka pamoja na mkojo pale inapokaribia 10 kwenye damu au kuvuka hapo. Sisimizi wakikuletea habari, habari ni ya zamani.

Hatua ya 2: Pima sawasawa

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kisha ikaushe kabisa. Msimu mmoja wa maembe shangazi yangu alipima akakuta 17.8, akaanza kuwaita watoto awausie. Nikamnusa vidole: dodo tupu. Akanawa, akajifuta, tukatoboa kidole kingine. 8.6.
2. Ukitumia spiriti, subiri ikauke. Spiriti mbichi huichanganya damu na kuharibu namba.
3. Toa stripu moja, funga kopo papo hapo. Unyevu wa pwani unaziua. Andika kwenye kopo tarehe uliyolifungua, na usome karatasi ya ndani inasema zikae miezi mingapi baada ya kufunguliwa.
4. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Katikati kuna mishipa mingi ya fahamu na ndipo unaposhikia kila kitu; utalia bure. Badilisha kidole kila mara.
5. Damu isipotoka, shusha mkono chini, uutikise, usugue kutoka kiganjani kwenda kidoleni. Usikamue ncha kama unakamua limau, maana maji ya mwilini yatachanganyika na damu.
6. Gusisha tone kwenye ukingo wa stripu, iache inywe yenyewe.
7. Andika namba, saa, na ulichokula au unachotaka kula. Sasa hivi, si jioni.

Kisindano ni cha mtu mmoja. Hata mume na mke hawaazimani. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havijui ndoa yenu ina miaka mingapi.

Hatua ya 3: Pima kwa jozi

Hapa ndipo ningependa utulie. Jozi ni vipimo viwili vya mlo mmoja: kimoja kabla ya tonge la kwanza, cha pili saa mbili baada ya tonge hilo la kwanza. Saa usiihesabu tangu ulipomaliza kula, maana wengine tunakula huku tunapiga soga.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayosema. Ikipanda kwa 2 au 3 hivi, sahani ile mwili umeipokea. Ikipanda zaidi, kuna kitu cha kurekebisha: wingi, aina, au kukaa kitini baada ya kula.

Nikuonyeshe daftari langu, wiki moja ya mwaka wa kwanza, wali na maharage mchana:

Jumanne. Kabla 6.9. Wali pawa tatu, maharage, juisi ya embe. Nikalala. Baada: 12.4.

Alhamisi. Kabla 7.1. Wali upawa mmoja na nusu, maharage, mchicha nusu sahani nikaanza nao, maji. Baada: 9.4.

Jumamosi. Kabla 6.8. Sahani ile ile ya Alhamisi, halafu nikatembea dakika 15 mpaka kituoni na kurudi. Baada: 8.5.

Nilichokuwa nimeambiwa ni "acha wali". Daftari likaniambia punguza, tangulia na mboga, tembea. Wali ninaula mpaka leo. Alhamisi nilibadilisha mambo matatu kwa mpigo, na hilo lilikuwa kosa. Badilisha moja moja ujue lipi lililofanya kazi.

Boksi la stripu 50 kwa mwezi linatosha anayetumia vidonge. Pima asubuhi kabla ya kula mara tatu kwa wiki, na jozi mbili kwa wiki za milo unayoitilia shaka. Hizo ni stripu saba, yaani 28 kwa wiki nne. Zilizobaki ni za siku ya homa, ya kutetemeka, au ya sherehe. Anayejidunga insulini anapima zaidi ya hapo, na ratiba yake atapangiwa kliniki.

Hatua ya 4: Sahani

Hapa sikawii, daftari litakufundisha zaidi yangu. Nusu ya sahani mboga: mchicha, matembele, kisamvu kisichozidi nazi, bamia, kabichi. Robo ugali au wali, ukubwa wa ngumi yako. Robo samaki, kuku, mayai au kunde. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ila mlima wa dona nao ni mlima.

Kinachoangusha wengi ni vya kunywa. Chai ya vijiko vitatu mara nne kwa siku ni vijiko kumi na viwili, na wewe unajihesabia hujala kitu. Soda, juisi hata ya kusaga nyumbani, uji uliotiwa sukari. Asali nayo ni sukari. Nyuki hawakuitoa sumu yake. Tunda lile zima, moja, usilikamue.

Hatua ya 5: Tembea

Lengo ni dakika 150 kwa wiki, na zisipite siku mbili mfululizo hujafanya kitu. Ukigawa, ni dakika 30 siku tano. Huna nusu saa? Kata vipande vya dakika 10 au 15 baada ya kila mlo. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu, na baada ya kula ndipo sukari ilipo nyingi. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba.

Kushinda umesimama dukani hakuhesabiki. Najua unachoka. Mapigo ya moyo hayajapanda.

Mara mbili kwa wiki ongeza kazi ya nguvu: kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia. Sukuma ukuta. Beba dumu la maji la lita tano kila mkono, tembea uani.

Tahadhari hizi usizipite:

- Unatumia insulini au glibenklamaidi (kidonge nitakachokieleza Hatua ya 6)? Pima kwanza. Ukiwa chini ya 5.5 hivi, kula ndizi moja kabla ya kutoka. Kifuko cha sukari mfukoni.
- Sukari iko juu ya 14 na unajisikia mgonjwa, unatapika au unahema? Usiende kukimbia ili "uishushe". Kunywa maji, nenda hospitali.
- Kifua kubana, pumzi kukata: simama, na safari inayofuata ni ya hospitali.
- Una kidonda mguuni? Usitembee nacho. Fanya mazoezi ya mikono ukiwa kitini mpaka kipone.
- Kama uliambiwa macho yana mishipa inayovuja damu, muulize daktari kabla ya kunyanyua vizito.

Hatua ya 6: Dawa

Metformini ndiyo wengi tunaanza nayo. Meza pamoja na chakula, katikati ya mlo au mara baada yake. Wiki za mwanzo tumbo linaweza kuunguruma na kuharisha. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo akapandisha polepole. Ikizidi, mwambie, kuna aina inayoyeyuka taratibu ambayo tumbo huipokea vizuri zaidi. Hiyo usiitafune wala kuivunja. Ukiimeza miaka mingi, omba siku moja upimwe vitamini B12, hasa ganzi ya miguu ikianza.

Glibenklamaidi na gliklazaidi ni habari nyingine. Hizi hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Umemeza, halafu daladala imekwama na chakula kiko nyumbani: sukari itashuka. Kanuni ya nyumbani kwetu ni kwamba kidonge hicho hakimezwi mpaka sahani iwe mezani.

Insulini: chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda hata mara moja, itupe. Unayoitumia inaweza kukaa nje wiki nne hivi, penye ubaridi. Huna friji, iweke kwenye kopo lililofungwa, kopo ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini. Usiiache kwenye gari. Ile ya mchanganyiko yenye weupe kama maziwa, iviringishe kati ya viganja mpaka rangi iwe moja, usiitikise. Hamisha mahali pa kudunga, tumboni kulia, kushoto, pajani. Ukidunga pale pale nyama inavimba na dawa inaingia kwa kusuasua.

Ukisahau dozi ya kidonge, usimeze mbili kufidia.

Kuhusu mitishamba. Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na miongoni mwao walikuwepo wenye kisukari walioacha dawa zao. Simkatazi mtu mlonge wake. Ninachosema, usiache dawa uliyopewa, mwambie daktari unachokunywa, na mezani kwako pima jozi. Kama kile kikombe kinafanya kazi, kitaonekana daftarini.

Hatua ya 7: Jua la kufanya sukari ikishuka

Jasho baridi, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa ya ghafla, au mzee mpole ameanza kugomba bila sababu. Pima ukiweza. Chini ya 4, au mashine haipo karibu, usisubiri:

1. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Chokoleti haifai hapa, mafuta yake yanaichelewesha.
2. Kaa dakika 15. Pima tena. Bado chini ya 4? Rudia.
3. Ikipanda, kula kitu cha kushikilia: mkate, kiazi, ndizi.
4. Andika daftarini, na kilichotangulia. Ikitokea mara mbili kwa wiki, dozi inahitaji kuangaliwa; nenda kliniki kabla ya tarehe.

Waeleze wa nyumbani: mtu akipoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Hatua ya 8: Miguu, kila usiku

Kisukari kinaua hisia za miguu kimya kimya. Mtu anakanyaga msumari asubuhi, anauona jioni soksi ikiwa na damu. Kaa kitandani, shika kioo, angalia unyayo, visigino, katikati ya vidole. Osha kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, kausha katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Usitembee peku hata uani. Kucha zikatwe kwa mstari, pembe usizichokonoe. Kidonda chochote, hata cha ukubwa wa punje ya mtama, kionwe na mhudumu wa afya mapema, usikingojee kinuke.

Hatua ya 9: Tarehe za hospitali

HbA1c kila miezi mitatu mpaka utulie, kisha kila sita. Ukiwa na selimundu au upungufu wa damu, mkumbushe daktari, kwani kipimo hicho kinaweza kudanganya. Macho, figo (damu na mkojo) na mafuta ya damu mara moja kwa mwaka. Presha kila ukienda. Kikohozi cha wiki mbili kapime kifua kikuu. Sisi kinatupata kirahisi kuliko wengine.

Anayetaka kufunga Ramadhani aende kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, apangiwe upya saa na dozi. Kupima kidole hakufunguzi. Wanazuoni wengi wamelisema. Ukikuta chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua.

Mambo yakienda kombo

*Nalala na 7, naamka na 9, na sijala kitu.* Alfajiri ini hutoa sukari ya kukuamshia. Kabla hujalaumu chakula cha usiku, pima siku mbili saa tisa usiku. Mpelekee daktari namba zote tatu, hapo anaweza kuhamisha saa ya dawa.

*Mashine mbili, namba mbili.* Kiwango cha kimataifa kinaruhusu kupishana kwa asilimia 15. Sukari ya 10 inaweza kusomeka 8.5 au 11.5, na zote ziko sawa. Tumia mashine moja, usiruke ruke.

*Inaandika kosa.* Mara nyingi damu ni ndogo au stripu imeharibika. Jaribu mpya kutoka kopo lililofungwa vizuri. Mashine zenye namba ya kuingiza, hakikisha inalingana na ya kopo.

*Inaandika HI au LO.* Hizo si salamu. LO ni chini kuliko inavyoweza kusoma: sukari mdomoni mara moja. HI ni juu mno: nawa mikono, rudia mara moja tu, ikisema hivyo hivyo nenda hospitali leo.

*Ilikuwa vizuri, wiki hii imepanda yenyewe.* Tafuta jino bovu, jipu, mkojo unaochoma, malaria. Uliza kama vidonge vya pumu au mzio ulivyopewa ni prednisoloni, kwani hiyo hupandisha sukari sana. Angalia pia tarehe ya mwisho ya dawa na stripu.

*Natapika, siwezi kula.* Kunywa maji kidogo kidogo, pima kila baada ya saa chache, na piga simu kliniki siku hiyo hiyo: metformini huenda ukaambiwa uisimamishe, insulini usiiache kwa uamuzi wako.

*Stripu zimeisha, hela hakuna.* Vidonge na kutembea havingoji stripu. Andika unachokula na dakika ulizotembea, na siku ya kliniki omba wakupime pale. Ukipata hata stripu nne, usizitawanye kwa asubuhi nne. Fanya jozi mbili za mlo unaoula mara nyingi kuliko yote.